Je, wajua? Si kila nota anayoitaja Mozart wa sinema ilitoka kwake

Aliyetazama Amadeus, filamu ya Miloš Forman ya mwaka 1984 iliyozoa Oscar 8, hasahau usiku ule: mtunzi Mozart yuko hoi kitandani, Salieri, mtunzi mwenzake anayemwonea wivu, ameshika kalamu, na Misa ya Wafu inaandikwa kwa imla. Wako kwenye sehemu iitwayo Confutatis. Waimbaji wa besi, sauti nzito ya kiume, wanaanza, wa teno, sauti ya juu ya kiume, wanafuata. Kisha Mozart anataja fagoti na tromboni, ala za kupuliza, za kuwashikilia waimbaji, halafu tarumbeta na timpani, ngoma kubwa za okestra, na mwisho fidla na ndugu zake wote wakiunguruma nota zilezile kwa pamoja. Kila tabaka tunalisikia peke yake kabla halijaunganishwa na mengine. Kama somo la kupanga okestra, ni vigumu kupata lililo fupi na zuri kuliko hilo.

Ila Salieri hakuwapo, na kazi haikwenda hivyo.

Katika misa hii Mozart alitangulia kuandika sauti nne za kwaya, kisha mstari wa besi wenye tarakimu zinazomwonyesha mpiga kinanda akodi (nota kadhaa kwa pamoja) za kupiga. Fidla aliziandikia pale tu zinapobeba wimbo. Mistari ya ala nyingine ilibaki mitupu, ijazwe baadaye. Alipofariki tarehe 5 Desemba 1791, akiwa na miaka 35, sehemu ya kwanza tu, Introitus, ndiyo iliyokuwa imekamilika kwa ala zote. Confutatis ilikuwa na kwaya na besi yake, pamoja na vidokezo vya fidla. Lacrimosa, sehemu inayofuata, ilikatika baada ya mizani 8 ya kwanza, yaani vipande vifupi 8 vya mapigo.

Mjane wake, Constanze, hakuweza kungoja. Misa iliagizwa kwa siri na kabaila Franz von Walsegg, aliyetaka kuipitisha kama utunzi wake mwenyewe kwa kumbukumbu ya marehemu mkewe. Malipo ya awali yalishachukuliwa, na bila kazi kamili salio lisingetoka. Mtunzi Joseph Eybler alijaribu kuijaza, akaiacha njiani. Franz Xaver Süssmayr, msaidizi wa Mozart, ndiye aliyeimaliza. Kwa hiyo zile tarumbeta na timpani ambazo Mozart wa sinema anazidai akihema ziliandikwa na watu wengine, yeye akiwa kaburini.

Na Salieri wa kweli? Oktoba 1791 Mozart alimwandikia mkewe kwamba alimpeleka Salieri kutazama opera yake Filimbi ya Kichawi, naye akashangilia karibu kila kipande. Baadaye Salieri alimfundisha muziki Franz Xaver, mtoto wa Mozart. Uvumi kwamba Salieri alimwua Mozart kwa sumu ulienea Vienna miaka mingi baada ya kifo hicho, mshairi Mrusi Pushkin akautungia tamthilia fupi mwaka 1830, na Peter Shaffer akauchukua katika mchezo wake wa jukwaani wa mwaka 1979, uliozaa filamu. Süssmayr angekuwa sahihi zaidi kwenye kiti kile kando ya kitanda, lakini hakuwa na wivu wala hadhi ya kubeba zaidi ya saa mbili na nusu za sinema.