Fortran na violezo: yasemwayo na yaliyo kweli

Kiolezo (template) ni msimbo unaoandikwa mara moja ukafaa aina nyingi za data. Fortran, lugha ya kuprogramu inayotumika sana kwa hesabu za kisayansi, inaandaliwa vyake, na haya ndiyo yanayosemwa juu yake.

"Fortran haijui kuandika kitu kimoja kikafaa aina nyingi za data." Inajua, ila nusunusu. Tangu Fortran 77, ukiandika SQRT (kipeuo cha pili), kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, hutambua yenyewe kama umeipa namba halisi ya kawaida, ya usahihi maradufu au namba changamano. Fortran 90 ikakuruhusu nawe uzipe subrutini zako kadhaa (vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina) jina moja. Lakini jina tu ndilo moja. Kila aina bado inadai nakala yake. Itazame LAPACK, maktaba ya hesabu za matriki: SGETRF, DGETRF, CGETRF na ZGETRF hufanya kazi ileile, zikipishana aina ya namba tu. Ukirekebisha kosa kwenye moja, zisake na zile tatu.

"CLASS(\*) ya Fortran 2003 ilishamaliza tatizo." Hapana. Inapokea aina yoyote, lakini kugusa kilichomo lazima upite SELECT TYPE, amri inayouliza ni aina gani iliyomo, na uamuzi huo hufanyika programu ikiwa tayari inakimbia. Weka hilo ndani ya kitanzi kinachozunguka mara milioni, uone. Ndiyo maana wengine hutumia fypp, zana inayozalisha nakala zote kabla kompaila haijaanza kazi. Ni kiraka, ingawa kiraka kizuri.

"Violezo vitapunguza kasi." Violezo vinavyoandaliwa kwa toleo lijalo, ambalo kwa sasa huitwa Fortran 202Y, humalizwa wakati wa kukompaili. Msimbo unaoifikia mashine unatakiwa kuwa sawa na ule ambao ungeuandika kwa mkono.

"Ni kuiga C++ tu," lugha nyingine yenye violezo. Dhana hii ndiyo isiyo na haki kuliko zote. Kwa desturi ya C++, sehemu kubwa ya kiolezo haikaguliwi mpaka mtu akitumie, na makosa humfikia mtumiaji yakiwa kurasa nzima za ujumbe usioeleweka. Rasimu ya Fortran inamtaka mwandishi atamke mapema, kwa REQUIREMENT, aina hiyo iweze kufanya nini. Ukijumlisha vitu viwili bila kutamka kwamba vinajumlishika, kompaila inakukatalia hapohapo, hata kabla kiolezo hakijatumiwa na yeyote. Kwa tabia hiyo ndugu yake wa karibu ni lugha ya Ada ya 1983.

"Programu za zamani zitavunjika." Fortran haina maneno yaliyohifadhiwa, yaani yasiyoruhusiwa kuwa majina ya vitu vyako. Kigeu ulichokiita TEMPLATE mwaka 1995 kitaendelea kuwa kigeu, hata neno hilo likitumika kuandikia violezo.