Dakika 20 za kugawanyika, dakika 40 za kunakili DNA

Mchoro tuliouzoea wa jinsi bakteria anavyogawanyika una hatua tatu: DNA inajinakili, seli inarefuka, inakatika. Si kosa, ila hesabu yake haijumliki.

Chukua bakteria Escherichia coli kwenye mchuzi wenye lishe tele, nyuzijoto 37. Seli moja huwa mbili kwa dakika 20 hivi. Kromosomu yake, yaani uzi wa DNA yake, ni duara moja la jozi za besi (herufi za DNA) milioni 4.6. Kunakili huanzia mahali pamoja tu, oriC, kisha mitambo miwili ya protini hupeana mgongo, kila mmoja ukila takriban besi 1,000 kwa sekunde, hadi ikutane upande wa pili. Hapo zimekwisha dakika 40 hivi, na seli huhitaji kama 20 zaidi kabla ya kukatika. Saa nzima!

Siri ni kwamba seli haisubiri. Nakala ya kwanza ikiwa bado nusu, zile oriC mpya huanzisha duru nyingine. Kwa maneno mengine, binti huzaliwa tayari ana mimba.

Kukata kwenyewe ni kazi ya FtsZ, protini inayojipanga pete chini ya utando. Itajuaje katikati ni wapi? Hapa ndipo ninapopapenda. Protini za Min huyumba kutoka ncha hii hadi ile, kwenda na kurudi kwa dakika moja hivi, zikizuia pete kila zinapokaa. Kwa wastani, katikati ndiko zinakokaa kidogo zaidi, basi pete hujengwa huko. Mfumo huo ukiharibika, pete hufungwa karibu na ncha, na kinachomeguka ni kijiseli kisicho na kromosomu, kisichoweza kuzaa tena.

Pete haikati peke yake. Ukuta mpya lazima ujengwe kuelekea ndani. Dawa ya cephalexin huzuia kimeng'enya cha ujenzi huo, FtsI, na chini ya hadubini utaona seli ndefu kama nyuzi: zimekua, zimenakili DNA, hazikukatika.

Si bakteria wote wanaofuata njia hii. Chlamydia haina FtsZ kabisa. Nayo Mycobacterium tuberculosis, ya kifua kikuu, inayo, lakini hugawanyika mara moja kwa saa 20 hivi, ndiyo maana majibu ya kuotesha makohozi husubiriwa kwa wiki kadhaa.