Je, wajua kwa nini mdogo wako anaingia kwenye seva yako ya gemu ila rafiki wa Mwanza hapiti?

Umeshusha programu ya seva ya Minecraft, umeiwasha kwenye kompyuta yako pale nyumbani, mdogo wako yuko chumba cha pili kaandika 192.168.1.20 kaingia fasta anachimba mawe, ukamtumia na rafiki yako wa Mwanza namba ileile, yeye anaangalia tu skrini inazunguka, inazunguka, halafu inakata. Unazima unawasha, wapi. Kompyuta ni nzima na gemu ni zima, ila ile namba uliyomtumia kwake yeye haina maana yoyote.

Namba zinazoanza na 192.168, na za 10, na za 172.16 mpaka 172.31, zilitengwa kwa mitandao ya ndani tu, hati yenyewe ni ya 1996 inaitwa RFC 1918. Kwa jirani yako inawezekana kabisa kuna tivii ina 192.168.1.20 kama kompyuta yako na hamna ugomvi, kwa sababu hizo namba hazitoki nje ya ukuta. Sababu kubwa ni uhaba. Anwani za IPv4, yaani namba za aina hii, dunia nzima ni kama bilioni 4.3 na akiba kuu iligawiwa ikaisha Februari 2011, kwahiyo nyumba nzima, simu tatu na laptopu na tivii, mnapewa anwani moja ya nje na rauta ndio inawagawia humo ndani.

Waliosoma bweni watanielewa haraka. Shule nzima ina S.L.P. moja. Tuseme karani wa shule ana daftari, kila mwanafunzi akituma barua anaandika: huyu wa bweni la pili kamwandikia mama yake, jibu likirudi apewe yeye. Jibu likija anafungua daftari, linafika. Sasa ije barua ina S.L.P. ya shule tu, jina hamna, na kwenye daftari hakuna aliyewahi kumwandikia huyo mtu, karani ampe nani? Anaitupa. Rauta yako inafanya hivyohivyo na kazi hiyo inaitwa NAT. Ukifungua YouTube wewe ndiye umeanza kuandika, jibu linajulikana ni la nani. Rafiki wa Mwanza anapobisha hodi kwenye seva yako yeye ndiye kaanza, daftari halina kitu, rauta inatupa hodi yake kimyakimya na wala haikuambii.

Dawa yake ndio ile watu wanaita kufowadi poti. Poti ni namba tu, kuanzia 0 mpaka 65535, inayosema ujumbe huu ni wa programu gani. TCP na UDP ni njia mbili tofauti za kusafirisha ujumbe. Minecraft ya Java inasikiliza poti 25565 kwa TCP, ile ya Bedrock ya kwenye simu na mashine za gemu inasikiliza 19132 kwa UDP, na hapa watu wengi sana wanakosea, wanaweka namba sawa ila wanachagua TCP kwenye kitu cha UDP halafu wanasema rauta mbovu. Unaingia kwenye kurasa za rauta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye brauza, unatafuta sehemu imeandikwa Port Forwarding au Virtual Server, unaiambia: chochote kikija kutoka nje na poti 25565 mpe 192.168.1.20. Yaani umemwachia karani maagizo ya kudumu kwenye daftari.

Ila yule wa 192.168.1.20 lazima abaki yuleyule. Rauta inagawa hizo namba kwa mkopo, kesho umeme ukikatika ukarudi unaweza kukuta namba yako kapewa simu ya dada, na maagizo yako yanaelekeza wachezaji kwenye simu ya dada. Kwahiyo kwenye hizohizo kurasa funga ile namba kwa kompyuta yako moja kwa moja. Pia ruhusu seva kwenye faiawoli ya Windows, yaani mlinzi wa kompyuta yenyewe, maana hodi inaweza kupita getini ikazuiwa mlangoni.

Halafu rafiki unamtumia anwani ya nje sasa, sio ile ya ndani. Na usijipime kwa waifai yako mwenyewe jamani, rauta nyingi zinashindwa kutoka na kurudi ndani kwa anwani yake ya nje, utaona haifanyi kazi kumbe inafanya. Zima waifai kwenye simu, tumia data, jaribu hapo.

Sasa kuna hii ambayo kwetu huku ndio inaumiza zaidi. Mimi nilikesha usiku mbili kila kitu kiko sawa, poti sawa, faiawoli sawa, hamna anayeingia, kumbe natumia rauta ya laini ya simu. Kampuni nyingi za simu haziwapi wateja anwani ya nje ya kwao peke yao, wanawaweka maelfu nyuma ya NAT nyingine kubwa huko kwao. Ni kama S.L.P. ya shule yenyewe iko ndani ya sanduku la wilaya, na karani wa wilaya wewe humwamrishi. Kujua ni rahisi: angalia anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje, kwenye rauta, linganisha na ile inayoonekana ukiuliza kwenye mtandao IP yangu ni ipi. Zikitofautiana, au ile ya WAN ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, masafa yaliyotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012, acha kuhangaika na poti, haitafunguka. Uliza kama wanauza anwani ya umma, au tumia Tailscale au ZeroTier, programu ambazo kila mmoja anaweka kwenye kompyuta yake mkawa kama mko mtandao mmoja wa ndani, au huduma ya playit.gg. Hizi zinapona kwa sababu kompyuta yako ndiyo inayoanza kuandika nje, na daftari linajaa.

Kukodi seva Ulaya kunawezekana pia, ila pingi, yaani muda wa ujumbe kutoka Dar kwenda huko na kurudi, mara nyingi inapita milisekunde 100, na mkiwa wote mko Tanzania napenda zaidi ya nyumbani, ni ya kwenu, dunia mliyojenga iko kwenye diski mnayoishika.

Ukishafungua poti ujue imefunguka kwa kila mtu, kuna programu zinazunguka intaneti nzima zikibisha 25565 usiku na mchana. Desemba 2021 lilipogundulika tundu kwenye Log4j, kipande cha programu ambacho Minecraft ya Java inatumia kuandika kumbukumbu zake, seva za Minecraft zilikuwa miongoni mwa za kwanza kushambuliwa, mtu alikuwa anaandika mstari mmoja kwenye chati anaendesha anachotaka kwenye kompyuta yako, na toleo 1.18.1 likatoka haraka kuziba. Kwahiyo tumia toleo jipya, na kwenye konsoli ya seva ya Java, lile dirisha la kuandikia amri, washa orodha ya wanaoruhusiwa kuingia kwa kuandika whitelist on, kisha whitelist add na jina la kila rafiki, kabla anwani haijaingia kwenye grupu.