Kugunduliwa na saratani ukiwa bado masomoni: maswali na majibu

Haya ni maswali ambayo wanafunzi hujiuliza, mengine kwa sauti na mengine kimoyomoyo, baada ya daktari kutamka neno saratani. Wengi wao bado wana miaka mingi sana ya kuishi baada ya tiba, na majibu haya yanaiangalia miaka hiyo pia.

Saratani si ugonjwa wa wazee?

Wagonjwa wengi ni watu wa makamo na wazee, ndiyo. Lakini zipo saratani ambazo umri wake hasa ni ujana. Limfoma ya Hodgkin, inayoanzia kwenye tezi za limfu, huonekana sana kwa watu wa miaka ya ishirini, kisha hujitokeza tena kwa wingi baada ya miaka 55. Saratani ya korodani ni miongoni mwa zinazoongoza kwa wanaume wa miaka 15 hadi 35. Saratani ya mfupa iitwayo osteosakoma huwapata vijana walio katika kurefuka, mara nyingi karibu na goti, ndiyo maana hudhaniwa ni jeraha la mpira. Ziko pia za damu na za ubongo.

Vijana huchelewa kugunduliwa kwa sababu hakuna anayewashuku. Uvimbe shingoni usiouma, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda bila sababu, maumivu ya mfupa yanayozidi usiku: yote husemwa ni uchovu wa mitihani. Uvimbe uliokaa wiki tatu bila kunywea upimwe, hata kama hauumi.

Nilikosea wapi?

Kwa saratani nyingi za ujanani, hakuna ulipokosea. Seli zinapogawanyika hunakili vinasaba vyake, na katika kunakili huko makosa hutokea. Wachache wamerithi kasoro ya vinasaba kutoka kwa wazazi. Baadhi ya saratani huchangiwa na virusi, kama HPV kwa mlango wa kizazi na homa ya ini aina ya B kwa ini, na vyote viwili vina chanjo. Saratani yenyewe haiambukizi kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kulala chumba kimoja. Na si laana.

Wanataka kukata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe wakapime. Nasikia saratani ikiguswa na kisu husambaa.

Woga huu umewachelewesha watu wengi mno. Bila kipande hicho kwenda maabara, hakuna anayejua ni aina gani ya saratani, na dawa huchaguliwa kwa aina. Pale penye hatari ya kweli ya kuisambaza, madaktari wanapajua na wana njia nyingine. Korodani inayoshukiwa, kwa mfano, kwa kawaida haichomwi sindano: hutolewa nzima kupitia kinena, ndipo ikapimwa.

Nianze tiba mara moja, au nina muda wa kupanga mambo?

Muulize daktari wazi: nina siku ngapi? Saratani kali ya damu inaweza kudai dawa ndani ya siku chache. Kwa nyingine nyingi, wiki moja au mbili hazileti madhara, na muda huo una kazi kubwa.

Kazi ya kwanza ni uzazi. Baadhi ya dawa za saratani, na mionzi ya nyonga, huweza kuharibu mbegu za mwanamume au mayai ya mwanamke, pengine kwa kudumu. Mvulana anaweza kutoa mbegu zikagandishwa kabla ya dripu ya kwanza, na kazi hiyo humalizika kwa siku chache tu. Msichana huhitaji kama wiki mbili za sindano za homoni ndipo mayai yavunwe. Muda wake ukiwa mfupi mno, zipo njia nyingine za kuzungumza na daktari. Huduma hizi hazipo kila hospitali, na zina gharama. Lakini kinachoniumiza ni kijana kufikisha miaka thelathini ndipo asikie kwamba kulikuwa na swali la kuuliza. Wapo madaktari wasiolitaja, kwa haraka ya kuokoa maisha au kwa kumwonea haya kijana aliyekaa na mzazi wake. Omba mzazi atoke kidogo, uulize mwenyewe.

Tibakemikali ikoje?

Unaketi kwenye kiti au unalala kitandani, mshipa unatafutwa, dripu yenye dawa za kuua seli za saratani inatiririka kwa saa kadhaa. Kabla yake damu hupimwa, na seli za damu zikiwa chache mno dawa huahirishwa. Mizunguko mingi hurudiwa kila wiki mbili au tatu ili mwili upate kujijenga. Dawa hushambulia seli zinazogawanyika haraka, na nywele, utando wa mdomo na uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, vimo humo. Nywele, kama dawa zako ni za aina inayozing'oa, huanza kudondoka wiki mbili au tatu baadaye, na huota tena tiba ikiisha. Kichefuchefu kina dawa nzuri. Usivumilie kimya kimya, sema.

Kuna jambo moja la kuliogopa kwelikweli, nalo ni homa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa nyingi, seli nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, hushuka sana na maambukizi madogo yanaweza kuua kwa saa chache. Weka kipimajoto kando ya kitanda. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, hata kama ni usiku wa manane na unajisikia nafuu, nenda hospitali na useme tangu mlangoni: niko kwenye tibakemikali. Usimeze dawa ya homa ukalala, maana homa itafichika huku maambukizi yakiendelea.

Na masomo?

Ahirisha kwa maandishi. Mwanafunzi anayetoweka darasani bila barua huhesabiwa mtoro, na kumrudisha huwa vita. Andika mapema, ambatisha cheti cha daktari, na uulize nafasi yako, mkopo au ufadhili wako na malazi yako vitakuwaje. Wengine hupunguza masomo badala ya kuacha yote, na hilo linawezekana ikiwa ratiba ya dawa inatabirika. Jua tu kwamba tiba huweza kulegeza umakini na kumbukumbu kwa miezi kadhaa. Ukisoma ukurasa mara tatu bila kuingia kichwani, ni dawa hiyo. Omba muda wa ziada kwenye mitihani. Unachoomba hapo ni utaratibu, huombi huruma.

Nimeambiwa hatua ya nne. Ndiyo basi?

Si lazima. Hatua inaeleza saratani imefika wapi mwilini, na ya nne kwa kawaida ni iliyosambaa mbali. Limfoma ya Hodgkin na saratani ya korodani hupona kwa wengi hata zikiwa zimesambaa. Nyingine hazina matumaini hayo. Muulize daktari kuhusu aina yako.

Nitawaambiaje wenzangu?

Mchague mmoja unayemwamini, awape wengine habari kwa kiasi ulichoruhusu. Mtu mgonjwa hana nguvu za kusimulia habari ileile kila jioni.

Tiba ikiisha, nimemaliza?

Utarudi kliniki kwa miaka, mara kwa mara mwanzoni, kisha kwa nafasi ndefu zaidi. Kabla hujaagana na wodi, dai muhtasari wa tiba: majina ya dawa na jumla ya dozi, sehemu zilizopigwa mionzi, tarehe. Doksorubisini, mojawapo ya dawa za tibakemikali, inaweza kudhoofisha moyo miaka mingi baadaye. Msichana aliyepigwa mionzi kifuani huhitaji kuanza kupimwa matiti mapema kuliko wenzake, na daktari atakayekutana naye miaka kumi ijayo hatajua hilo mpaka aoneshwe karatasi.