Kanisa la kisasa halina sanaa? Tazama Coventry

Hapa Tabora, picha ya kanisa kuu la Kianglikana la Coventry, Uingereza, ikipita kwenye simu, hukosi wa kusema: "Hilo godauni lenye msalaba." Wengi wanaamini makanisa ya kisasa ni kuta tupu, sanaa ilibaki kwa wazee wa kale. Sivyo.

Kanisa la zamani lilipigwa mabomu usiku wa Novemba 14, 1940. Msanifu Basil Spence aliacha magofu yasimame, akajenga jipya ubavuni, likawekwa wakfu 1962. Wasanii aliwaita mapema, jengo likiwa bado kwenye michoro.

Kinachowapoteza watu ni madirisha. Kuta za pembeni zimejengwa kwa kukunjwakunjwa, na vioo vyake virefu vya rangi vinaelekea altareni. Ukisimama mlangoni unaona mawe tu. Nenda mbele, kisha geuka: rangi zote hizo hapo! Picha iliyopigwa mlangoni inamwonea bure msanifu.

Nyuma ya altare linaning'inia pazia la kufumwa, kazi ya Graham Sutherland, urefu karibu mita 23, lililofumwa Ufaransa. Linamwonyesha Kristo ameketi katika utukufu. Katikati ya nyayo zake kuna mtu anayeonekana kijitu tu. Kumbe ana kimo cha binadamu kamili.

Dirisha la ubatizo la John Piper, peke yake, lina vipande 195 vya vioo. Chini yake, jiwe la kubatizia ni mwamba ulioletwa kutoka Bethlehemu.