Mwanafunzi Akipewa Kitalu Chake cha Kunde

Kwa wazazi wengi Weusi wa kusini mwa Marekani, mtoto anayetaka kusomea kilimo chuoni huwakumbusha mababu waliolima pamba kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na mara nyingi wakaishia kwenye deni. Sisi tuliosoma shule ambako kulima kulikuwa adhabu ya wachelewaji tunawaelewa. Kwa hiyo mimi, mtafiti wa udongo, siwaanzishi vijana hao kwa kulisifia jembe. Nawapa swali ambalo hata mimi sina jibu lake.

Kunde zinafaa sana kwa kazi hiyo. Asili yake ni Afrika, na George Washington Carver, mtaalamu Mweusi wa kilimo aliyefika chuo cha Tuskegee, Alabama, mwaka 1896, aliwahimiza wakulima wazipande ili ardhi iliyochoshwa na pamba ipate rutuba tena. Mwanafunzi hung'oa mche, huosha mizizi, kisha hupasua kwa wembe vinundu vyake, yaani vivimbe vidogo wanamoishi bakteria. Wekundu ndani ya kinundu huonyesha kuwa kinafanya kazi: unatokana na protini inayodhibiti oksijeni, ambayo ikizidi huharibu kimeng'enya kinachowawezesha bakteria kugeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Akikuta vinundu vyeupe upande mmoja wa kitalu, hana budi kuuliza kama tatizo ni asidi ya udongo, maji yaliyotuama, au kukosekana kwa bakteria wanaofaa. Na kila dhana anaipima kwa kemia na takwimu. Mpenda mitambo huunda kifaa cha kupima unyevu, kisha hugundua kuwa namba zake hazina maana mpaka azilinganishe na udongo uliopimwa uzito kabla na baada ya kukaushwa katika nyuzi 105 za sentigredi.

Mahali pa kazi hii papo tayari. Sheria ya Marekani ya mwaka 1890 iliyataka majimbo ama yawapokee Weusi katika vyuo vya kilimo vilivyokuwapo, ama yawawekee vyao. Leo vyuo vya kundi hilo, Tuskegee kikiwamo, ni 19. Hata hivyo, vyuo vya wazungu vilipata fedha za vituo vya majaribio ya kilimo kwa sheria ya mwaka 1887, ilhali hivi vilisubiri hadi 1977 kuwekewa mgao wao wa kudumu wa utafiti.

Uhaba huo huwashawishi baadhi ya wenzangu kuwatumia wanafunzi kama waosha chupa wa maabara na kuuita mpango huo utafiti, jambo ambalo naliona ni hasara tupu. Tena anayejilipia ada hawezi kuacha kibarua chake cha kiangazi ili ahesabu vinundu bure. Katika bajeti yangu, posho ya mwanafunzi huandikwa kabla ya vifaa.