Nani hukubali tiba mtandao, nani huikataa, na kwa nini

Dhana: Wazee huikataa tiba mtandao, yaani kuhudumiwa na daktari kwa simu au video, kwa sababu ya umri.
Umri peke yake hauelezi mengi. Wazee wengi hukwama kwenye maandishi madogo, masikio yaliyopungua nguvu na mlolongo wa kujisajili: pakua programu, tunga nywila, subiri namba ya uthibitisho ambayo muda wake huisha kabla miwani haijapatikana. Mzee huyohuyo akipigiwa simu ya kawaida huzungumza na daktari vizuri tu. Mwaka 1989, mtafiti Fred Davis alionesha kwamba watu huikubali teknolojia wakiona inawafaa na haiwasumbui, na kwamba manufaa huwa na uzito kuliko urahisi. Ndiyo maana mafunzo ya kubonyeza vitufe hayamshawishi mtu ambaye bado hajaona huduma yenyewe itamsaidia nini.

Dhana: Daktari asiyekugusa hawezi kukutibu.
Hapa pana chembe ya ukweli. Tumbo linalotakiwa kubonyezwa au mapafu yanayotakiwa kusikilizwa yanahitaji chumba cha daktari. Maumivu makali ya kifua, kushindwa kupumua, au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla ni dharura. Usipoteze muda kusubiri miadi ya video. Lakini ufuatiliaji wa presha, majibu ya vipimo na ushauri wa afya ya akili hutegemea zaidi mazungumzo na taarifa sahihi. Mgonjwa wa presha akae ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo ziko sakafuni, mkono uko mezani usawa wa moyo. Apime mara mbili, akipisha dakika 1, na aandike namba zote. Mkono ukining'inia, kipimo hutoa namba kubwa kuliko presha halisi, na daktari anaweza kuongeza dozi bila sababu. Kwa upele, piga picha mbili kwenye mwanga wa mchana: moja ya mbali ionekane sehemu ya mwili, nyingine ya karibu ikiwa na rula pembeni.

Dhana: Wanaohofia siri zao wanawaogopa wadukuzi.
Wengine ndiyo. Lakini wengi wanamhofia aliye chumba cha pili, na hili watoa huduma hulisahau mno. Mwenye swali la uzazi wa mpango, VVU au kupigwa na mwenza hawezi kulisema huku familia inasikia. Atajibu “niko sawa” na kukata simu. Mhudumu aanze kwa kuuliza, “Uko peke yako?” Jibu likiwa hapana, aulize maswali ya ndiyo au hapana, mgonjwa avae vifaa vya masikioni, au wapange saa nyingine. Ujumbe wa maandishi nao usitumwe bila kuuliza kwanza nani mwingine huishika simu hiyo.

Dhana: Mwenye simu na bando hana kisingizio.
Mtu anaweza kuwa na vyote na bado hamjui daktari anayempigia. Kumwamini mtu usiyemjua ni vigumu, hivyo miadi ya kwanza ana kwa ana hurahisisha zile za mtandaoni. Mtandao nao hukatika. Video ikiganda, zimeni kamera mbaki na sauti. Ikikatika kabisa, mwanzoni muwe mmeshakubaliana nani atampigia mwenzake na kwa namba ipi, la sivyo kila mmoja atapiga na kukuta laini ya mwenzake inatumika.